Siasa za mwanachuo huanzia wapi?

*Wazazi huwalaumu wahadhiri, vyama hugombea wanachama, serikali huona uchochezi. Historia ya Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na yaliyotokea Nairobi yanaonyesha kwamba mwanafunzi hukomaa kisiasa pale penye uwanja wa kubishana. Uwanja huo umekuwa ukibanwa mwaka hadi mwaka.*

Na Mwandishi Wetu

Oktoba 22, 1966, wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, walivaa majoho yao wakaandamana hadi Ikulu. Walikuwa wakipinga mpango mpya wa serikali uliowataka wahitimu kulitumikia taifa kwa takriban miaka miwili: miezi kadhaa kambini, kisha kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Kati ya mabango waliyobeba lilikuwepo lililosema afadhali mkoloni.

Mwalimu Julius Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawajibu kwa hasira. Aliwauliza kama wanajua yeye analipwa kiasi gani, akawatajia: Sh5,000 kwa mwezi. Papo hapo akatangaza kuukata mshahara wake kwa asilimia 20. Wanafunzi 393 wakarudishwa makwao.

Miaka michache baadaye, vijana wa kilima kilekile walikuwa wakimkosoa Mwalimu kutoka upande wa pili kabisa. Sasa walilalamika kwamba ujamaa wake haujaenda mbali, na kwamba tabaka jipya la wakubwa serikalini na kwenye mashirika ya umma linaota mizizi chini ya kivuli chake.

Nini kilitokea hapo katikati? Swali hilo ni la leo vilevile. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, vijana waliingia mitaani katika miji kadhaa ya Tanzania, intaneti ikazimwa na Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Tangu hapo, wazazi wenye watoto vyuoni na viongozi wanajiuliza jambo moja: hawa vijana wanaipata wapi misimamo yao?

Kilima kimoja, sura mbili

Jibu la haraka ni kumtaja mtu mmoja: Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, aliyefundisha Mlimani mara ya kwanza mwaka 1966 hadi 1967 na tena kuanzia 1969 hadi 1974. Kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam.

Rodney alikuwa na uzito wake. Lakini mhadhiri mmoja hawezi kugeuza chuo kizima. Februari 5, 1967 lilikuja Azimio la Arusha, likaweka mezani suala la nani anamiliki nini. Mwezi uliofuata chuo kiliitisha mkutano kujadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru wa FRELIMO na wa vyama vingine walikuwa majirani wa wanafunzi.

Mwaka huohuo wa 1967 wanafunzi waliunda umoja wao wa kimapinduzi, USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Jumapili asubuhi walikaa darasani kusoma na kuchambua vitabu ambavyo havikuwa kwenye mtihani wowote. Mwaka 1968 Museveni na wenzake walikwenda kujionea maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO kaskazini mwa Msumbiji.

Mwaka 1969 likazaliwa jarida lao, Cheche, likihaririwa na Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Humo ndimo mwenzao Issa Shivji alimochapisha, mwaka 1970, uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya nchini.

> Mhadhiri mmoja hawezi kugeuza chuo kizima. Palihitajika vitabu, hoja za taifa zilizo hai, na mahali pa kubishana.

Novemba 1970 serikali ililifunga jarida na kuuvunja umoja huo, kwa maelezo kwamba Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, unatosha na itikadi za kuazima hazihitajiki. Julai 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alikamatwa chuoni na askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia na kurudishwa kwao. Wanafunzi wakasusia masomo.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi: kijana hakuingia tena chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule. Alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha apendekezwe, na chama kikiwa na kauli. Kwa maneno mengine, mwanafunzi alichujwa kisiasa kabla hajafika.

Mchujo huo haukuzuia kitu. Machi 1978 wanafunzi, wengi wao wakiwa watu wazima waliopita kwenye chekeche la chama, waliandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mamia walifukuzwa. Chama chao, DUSO, kilivunjwa, mahali pake pakawekwa MUWATA chini ya mwavuli wa chama tawala.

Nyumbani kwanza

Mwanafunzi hafiki chuoni akiwa karatasi tupu. Mfano wa wazi zaidi uko Zanzibar. Huko chama ni urithi wa familia, na mizizi yake inarudi nyuma hadi enzi za vyama vya ASP, ZNP na ZPPP, kabla ya Mapinduzi ya 1964.

Kijana wa Pemba anayesoma leo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, huenda hakuwa amezaliwa Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF. Lakini ameisikia habari hiyo sebuleni, kwa sauti ya mjomba au ya bibi, kabla hajajua kusoma. Machi 2019, kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, alipohamia ACT-Wazalendo na wafuasi wake wakaambiwa washushe tanga na kupandisha tanga, matawi mazima ya CUF yalibadili rangi kwa siku chache. Watoto walibadilika pamoja na wazee wao.

Bara, urithi huo si mzito kiasi hicho, lakini upo. Mtoto wa mkulima wa korosho Mtwara na mtoto wa mfanyabiashara wa Kariakoo hawaiangalii serikali kwa jicho moja. Mmoja anaijua kwa bei ya msimu na stakabadhi ghalani, mwingine kwa ofisa wa kodi.

Kisha kuna jeshi. Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, yaliyositishwa mwaka 1994, yalirejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Kwa hiyo wale wanaopangiwa kambi hukimbia mchakamchaka na kuimba nyimbo za uzalendo kabla hawajaingia chuoni. Wako wanaotoka huko wakiwa na mapenzi makubwa kwa nchi na utii kwa mamlaka. Wako pia wanaotoka na mapenzi hayohayo, wakauliza kwa nini nchi wanayoiapia inaendeshwa hivi.

Rafiki kuliko mhadhiri

Utafiti maarufu kuliko yote kuhusu jambo hili ulifanywa Marekani miaka ya 1930. Mwanasaikolojia Theodore Newcomb aliwafuatilia wasichana wa Chuo cha Bennington, Vermont, wengi wao wakitoka familia tajiri zinazounga mkono chama cha Republican.

Katika uchaguzi wa urais wa 1936, asilimia 62 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimtaka Alf Landon, mgombea wa chama cha wazazi wao. Kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, waliomtaka walikuwa asilimia 15 tu.

Newcomb aligundua kwamba waliobadilika zaidi ni wale waliotaka kukubalika na wenzao na kuheshimiwa chuoni. Walioshikilia msimamo wa nyumbani ni wale waliobaki wameegemea familia zao au vikundi vidogo vya marafiki wa zamani. Alipowatafuta tena miaka ya 1960, wengi walikuwa bado wanashikilia misimamo waliyoipata chuoni.

Anayezijua hosteli zetu hatashangaa. Chumba cha watu wanne hulala sita au zaidi, kwa sababu kuna waliokosa nafasi na wanabebwa na wenzao. Mnalala kitanda kimoja, mnachangia sufuria, mnachangia bando. Saa tano usiku, taa zikiwa bado zinawaka, ndipo hotuba ya waziri inapochambuliwa, na aliyenyamaza kwenye semina ya Stadi za Maendeleo huwa msemaji mkuu. Kijana wa Kigoma anamsikia kwa mara ya kwanza mtu wa Unguja akieleza Muungano anavyouona yeye. Darasa hilo halina silabasi, lakini ndilo hasa linaloacha alama.

Hata hivyo, nguvu ya wenzao ina upande wa giza. Kwa miaka mingi Mlimani palikuwa na kundi la siri lililojulikana kama Mzee Punch, likibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wasichana waliowakataa wavulana au kuthubutu kujitokeza. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike, Levina Mukasa, alijiua baada ya kuandamwa na kundi hilo. Waandishi wa ule ukuta hawakuwa na majina, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwajibu.

Jambo hilo tulikumbuke tunapohesabu wasichana wangapi hugombea uongozi vyuoni leo. Msimamo wa kisiasa unahitaji mtu aweze kusimama na kusema bila kuogopa kuvuliwa nguo kwa maneno kesho yake.

Siku ya kusaini bumu

Mwaka 1990 ulikuwa mgumu pia kwa sababu nyingine. Wanafunzi waligoma, na Mei chuo kikafungwa, wote wakarudishwa makwao. Masomo yalianza tena mwaka uliofuata. Katika muongo huo sera ya kuchangia gharama ilishika kasi, na hoja ya mwanafunzi ikahama kutoka ubeberu na utabaka hadi ada, chakula na malazi.

Leo mlango mkuu wa siasa za vyuoni ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wote huiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku.

Siku ya kusaini, foleni ni ndefu na nyuso zina furaha. Bumu likichelewa, mambo hugeuka. Watu hupiga pasi ndefu, mlo mmoja kutwa, na mama ntilie wa nje ya geti huanza kuandika majina daftarini. Hapo ndipo mwanafunzi wa uhandisi, ambaye hakuwahi kujali nani ni mbunge wake, anapoanza kuuliza fedha zimekwama wapi, nani ameziidhinisha na bajeti ilisemaje.

> Bumu likichelewa, hata asiyejali nani ni mbunge wake huanza kuuliza bajeti ilisemaje.

Wapo wanaozidharau siasa hizi kwa kuziita siasa za tumbo. Ni dharau isiyo na msingi. Mwaka 2016 sheria ya mikopo ilibadilishwa, makato ya marejesho yakapanda hadi asilimia 15 ya mshahara. Wahitimu walilalamika kwa miaka kuhusu makato hayo na hasa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya deni lizidi kuvimba. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliifuta tozo hiyo. Kwa kizazi hiki hilo lilikuwa somo kamili la uraia: sera hutungwa na watu, na watu wakipaza sauti hubadilika.

Vyama getini

Tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, siasa za vyama hazitakiwi rasmi ndani ya vyuo. Lakini vyama havikuondoka, vilisogea tu hadi getini. Chama tawala, CCM, kina shirikisho lake la wanavyuo, CHADEMA ya upinzani ina lake, CHASO, na mikutano hufanyika kwenye kumbi za nje ya chuo. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukifika, kila mtu hujua mgombea yupi anasukumwa na nani, ingawa hakuna anayelisema jukwaani.

Hapa ndipo palipo na hasara. Mwanafunzi anajifunza kwamba siasa ni jambo la kufanywa kwa kujificha, na kwamba kadi ya chama ni tiketi ya ajira au ya ukuu wa wilaya. Anayejiunga kwa sababu hiyo hana msimamo, ana matumaini ya kazi. Na katika nchi ambako wahitimu wengi hukaa nyumbani miaka wakisubiri ajira, si haki kumlaumu yeye peke yake.

Lipo pia tukio la kitaifa lililoacha pengo kubwa. Kuanzia katikati ya 2016 hadi Januari 3, 2023, mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa, isipokuwa ya wabunge majimboni mwao na wakati wa kampeni. Kijana aliyekuwa na miaka 14 zuio hilo lilipoanza aliingia chuo kikuu bila kuzoea kuona wanasiasa wa pande mbili wakishindana mchana kweupe mtaani kwake. Februari 16, 2018, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Akwilina Akwilini, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, polisi walipokuwa wakitawanya wafuasi wa CHADEMA. Hakuwa mwandamanaji. Kwa wanafunzi wengi wa wakati ule, kifo chake kilifundisha kuliko mihadhara ya muhula mzima.

Nairobi: simu ikiwa ukumbi

Ng'ambo ya mpaka wa Namanga, nchini Kenya, historia inafanana. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, na mwenyekiti wa wanafunzi, Titus Adungosi, akafungwa jela. Alifia gerezani mwaka 1988.

Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilirekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu. Badala ya kila mwanafunzi kupiga kura kumchagua rais wa wanafunzi, ikaamuliwa wachaguliwe wajumbe, na wajumbe ndio wamchague rais. Waliounga mkono walisema fujo na fedha za wanasiasa zitapungua. Waliopinga walisema viongozi wa wanafunzi watadhibitiwa kirahisi.

Kisha mwaka 2023 ulikuja mfumo mpya wa ufadhili, uliowapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia. Wengi walijikuta kwenye kundi lisilolingana na hali zao, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliubatilisha, ingawa kesi iliendelea ngazi ya rufaa.

Katikati ya hayo yalilipuka maandamano ya Juni 2024. Vijana waliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, Sheng na lugha za makwao kwenye TikTok, na kuujadili usiku kucha kwenye vikao vya sauti vya mtandao wa X. Walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Juni 25 waliingia Bungeni. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kutousaini muswada. Makumi ya vijana walikuwa wameuawa.

Vuguvugu lile lilikuwa na ujasiri ambao lazima uheshimiwe. Lilionyesha pia mipaka ya simu. Simu huwakusanya watu kwa saa chache, lakini haiwafundishi kushindwa hoja na kurudi kesho kuendelea na mjadala. Na kama ulivyokuwa ule ukuta wa Mlimani, humpa asiye na jina uwezo wa kumchafua mtu bila kuwajibika.

Pande mbili za hoja

Wapo wanaoshikilia kwamba chuo ni mahali pa vitabu. Hoja yao ina uzito. Mkopo ni fedha ya walipa kodi. Mzazi ameuza ng'ombe ili mtoto asome. Chuo kikifungwa, mtoto wa tajiri huenda kusoma kwingine, wa maskini hurudi kijijini kusubiri. Waliopoteza mwezi baada ya mwezi mwaka 1990 wanalijua hilo.

Upande wa pili unauliza: huyu tunayemtaka awe hakimu, mwalimu, mhariri na mbunge atajifunza wapi kupima hoja? Kupiga kura anaruhusiwa tangu akiwa na miaka 18. Tunampa kura bila kumpa mahali pa kuifikiria.

Tukiirudia historia, tunaona kwamba migomo mingi iliyofunga vyuo haikuzaliwa na mijadala mingi mno. Ilizaliwa pale malalamiko yalipokosa pa kusemewa. Na mkono wa dola haukuwahi kuimaliza siasa vyuoni: mwaka 1970 ulilifunga jarida, mwaka 1978 ukavunja chama cha wanafunzi, na bado wanafunzi waligoma mwaka 1990.

> Migomo mingi haikuzaliwa na mijadala mingi mno. Ilizaliwa pale malalamiko yalipokosa pa kusemewa.

Wala wazazi wasiogope kwamba mjadala utawafanya watoto wote wawe wa mrengo mmoja. Jumapili za USARF zilitoa watu waliokwenda njia tofauti kabisa. Shivji alibaki kuwa msomi na mkosoaji wa dola kwa zaidi ya nusu karne. Zakia Meghji alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa serikali ya CCM. Museveni anaitawala Uganda tangu 1986, na wanafunzi wa Makerere huandamana dhidi ya serikali yake. Uwanja uleule uliwapa wote uwezo wa kujenga hoja, kisha kila mmoja akachagua njia yake.

Kifanyike nini

Vyuo vyetu vinaweza kuanza kwa mambo manne yasiyohitaji bajeti kubwa. La kwanza, kila chuo kitenge mahali na saa ya mdahalo wa wazi kila wiki, ambapo mwanafunzi haombi kibali bali anajiandikisha tu kuzungumza, kwa jina lake. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na matamasha yake ya kitaaluma yaliyofuata yalijaza Ukumbi wa Nkrumah. Kwa hiyo hamu ipo, na ukumbi upo.

La pili, vyama viruhusiwe kuja kujibu maswali mbele ya wanafunzi, vyote kwa zamu na kwa kanuni sawa. Chama kinachojiamini hakina sababu ya kuwangoja vijana getini.

La tatu, serikali za wanafunzi zichaguliwe kwa kura ya kila mwanafunzi, zisomewe mapato na matumizi hadharani, na anayemdhalilisha mgombea wa kike, ukutani au mtandaoni, achukuliwe hatua.

La nne ni la Bodi ya Mikopo na wizara: taarifa za bumu zitolewe mapema, pamoja na sababu za kuchelewa. Mwanafunzi aliyeelezwa ukweli huvumilia. Aliyefichwa huamini uvumi.

Msimamo wa kisiasa wa mwanachuo hutengenezwa na nyumbani kwao, na wenzake wa chumbani, na fedha iliyochelewa, na yale aliyoyaona yakiwapata waliosema. Hakuna waziri wala makamu mkuu wa chuo anayeweza kuvizuia vyote hivyo. Wanachoweza kuamua ni kama yote hayo yatakutana na hoja pinzani mchana, mbele za watu, au yataiva gizani bila mtu wa kuyapinga. Nchi iliyozimiwa intaneti siku ya kupiga kura inapaswa kuwa imeshaelewa gharama ya chaguo la pili. Vyuo vifungue viwanja vyao muhula huu.